KUENDA TEZI NA OMO: SOMO LA VYOMBO VYA BAHARI NA ANASA YAKE

Katika toleo hili nimeombwa niandike somo fupi juu ya methali moja ya pwani. Nimechagua "Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Wengi wetu huiandika katika insha bila kujua tezi ni wapi wala ngama ni nini. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo hadi likizo ya Aprili. Niliaibika kwanza, ndipo nikaelewa.

Sisi twakaa Ziwa la Ng'ombe. Siku hiyo tulipanda matatu na babu mzaa mama hadi Mji wa Kale kumjulia hali rafiki yake. Babu alikuwa baharia wa jahazi tangu ujana wake, kisha akawa na mashua yake mwenyewe ya kuvulia. Tulipofika Bandari ya Kale tukakaa kivulini kupumzika. Ng'ambo ya pili, upande wa English Point, palikuwa na yoti nyeupe pepepe, ina ghorofa tatu, vioo vyametameta. Mimi nikapiga kelele, "Babu, hicho ndicho chombo! Si vile vimashua vyenu vya kuvuja!"

Babu hakukasirika. Aliniuliza tu, "Ngama yake i wapi, mjukuu wangu?"

Nikacheka kwa sababu sikuwa na jibu. Tukarudi nyumbani kimya. Usiku ndipo nilipokumbuka kuwa mashua yake iliuzwa mwezi wa Januari ili nilipiwe karo ya kidato cha tatu. Wallahi sikulala vizuri. Tangu siku hiyo nikaanza kumuuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

SEHEMU ZA CHOMBO

Omo ni mbele ya chombo. Tezi ni nyuma, ambako usukani hukaa. Mkuku ni ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima, na mataruma ni mbavu zake. Mlingoti husimama, na foromali ndiyo boriti inayopandishwa mlingotini ikiwa imefungwa tanga. Ngama ni tumbo la chombo, chini kabisa, mahali ambapo maji yote yanayovuja hukusanyika. Mabaharia huyafua maji hayo kwa upo, yaani kata ya kutekea. Kwa hivyo hata ukitembea omo ukitembea tezi, mwisho utashuka ngamani kufua maji. Usiposhuka, chombo kitazama nawe.

ANASA YA SIKU HIZI

Matajiri wa dunia hushindana kwa urefu wa yoti. Yoti iitwayo Al Said, ya Sultani wa Oman, iliundwa Ujerumani nayo ina mita 155, yaani kama uwanja wa mpira na nusu. Nyingine iitwayo Azzam ina mita 180, na ilipozinduliwa mwaka 2013 ilikuwa ndefu kupita yoti zote za watu binafsi. Ndani ya vyombo kama hivi mna vyumba vya kulala vya fahari, mabwawa ya kuogelea na hata viwanja vya helikopta. Yoti moja huhitaji mabaharia makumi kadhaa wa kupiga deki, kupika na kutunza mitambo, hata mwenyewe asipokuwamo. Mafuta, mishahara na matengenezo havingoji.

NA SISI TULIKUWA NAYO

Tusidhani anasa hii imeletwa na wageni wa juzi. Sultani Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Unguja, alikuwa na merikebu nyingi za matanga. Moja iliitwa Sultana. Mwaka 1840 iliondoka Unguja na mjumbe wake Ahmad bin Naaman, ikafika New York tarehe 30 Aprili. Ilichukua karafuu, pembe, kahawa, tende na ngozi za kuuza, pamoja na zawadi za rais wa Marekani, zikiwemo lulu na farasi wawili. Wenyeji waliitengeneza upya bila malipo kabla ya kurejea. Hiyo ilikuwa fahari, lakini fahari iliyofanya kazi.

Sasa sikilizeni habari ya mwanawe, Sultani Barghash. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza vyombo vyake vilivyokuwa bandarini Unguja. Baadaye akavutiwa na manowari ya Waingereza iitwayo Glasgow, naye akaagiza ya mfano wake huko Uskoti. Ilizinduliwa mwaka 1878, ikaitwa Glasgow vile vile, ina milingoti mitatu na mtambo wa mvuke. Ilipofika, Sultani hakuifurahia sana, ikakaa bandarini miaka na miaka. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walipiga mizinga jumba la kifalme katika vita ambavyo havikutimiza hata saa moja. Glasgow ilijibu, ikazamishwa. Milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji, watu wakiitazama, hadi mabaki yalipovunjwa mwaka 1912.

MAONI YANGU

Je, uzuri wa chombo ni dhambi? La. Mitepe ya zamani, iliyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, ilitiwa mapambo, na ilibeba mizigo vile vile. Hata leo jeshi la majini la Oman lina merikebu ya matanga, Shabab Oman II, iliyokamilika mwaka 2014. Yapendeza macho, lakini vijana hujifunzia ubaharia humo. Kosa ni kupenda omo na tezi tukawasahau walio ngamani. Kila yoti inayometameta ina mtu aliyeifuta, na kila mwanafunzi mwenye sare safi ana mtu aliyemlipia.

Nilikwenda kwa babu nikamwamkia, nikamwomba radhi. Akacheka, akasema, "Mashua ilikuwa yangu, karo ni yako. Fua maji yako." Maneno yote ya sehemu za chombo mliyoyasoma hapo juu ni yeye aliyenifunza, nami nayaweka hapa yasipotee.

MASWALI

1. Eleza tofauti ya omo, tezi na ngama.
2. Kwa nini mwandishi asema fahari ya Sultana ilifanya kazi?
3. Muulize mzee mmoja mtaani kwenu majina matano ya sehemu za chombo ambayo hayamo katika somo hili, uyalete chamani.