Jarida la Bustani Kwenye Simu: Lisome Hadi Lifike Uani

Bunju, Boko na Mabwepande kule Kinondoni, au Mbagala, Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, nyumba nyingi zina vituta vya mchicha nyuma ya jiko na kuku wanaoparua uani. Wenyewe husema wanajifurahisha tu jioni baada ya kazi, ingawa mboga zinaishia sufuriani. Majarida ya kuwasaidia sasa yako kwenye simu. Mojawapo ni Mkulima Mbunifu, jarida la bure la kilimo hai lililoanza mwaka 2011, likilifuata The Organic Farmer la Kenya la mwaka 2005. Bibi shamba wetu anajibu maswali ya wasomaji.

Shikamoo bibi shamba. Napakua kila toleo, lakini sijawahi kumaliza hata moja. Nifanyeje?

Marahaba. Nani kakwambia umalize? Anza na yaliyomo, uchague makala moja inayohusu kitu ulicho nacho uani leo. Kama hufugi ng'ombe, kurasa za ng'ombe zipite bila aibu. Makala uliyoichagua isome mara mbili: kwanza uielewe, kisha ukiwa na kalamu, uandike vifaa, vipimo na siku za kila hatua. Ukijaribu jambo moja kwa kila toleo, umefaidi kuliko aliyesoma yote akalala.

Bando linaisha haraka. Kuna ujanja?

Pakua faili zima mara moja, ukiwa kwenye Wi-Fi au kwa bando la usiku, kisha soma bila intaneti. Faili libadilishe jina hapo hapo, kwa mfano "2023 Machi kuku mboji", maana jina la tarakimu tupu hutalikumbuka. Faili nyingi za PDF zina sehemu ya kutafuta neno: andika jina la ugonjwa wa kuku, mfano "mdondo", ikupeleke ukurasa wenyewe. Herufi zikiwa ndogo, ilaze simu.

Nilifuata makala ya kabichi hatua kwa hatua hapa Chamazi, lakini hazikufunga. Jarida limenidanganya?

Halikukudanganya. Liliandikwa kwa nchi nzima, na kulileta uani kwako ni kazi yako. Kila makala iulize mambo matatu.

La kwanza, mkulima anayesimuliwa yuko wapi? Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Sisi tuko chini, kwenye joto. Kabichi hupenda baridi. Ukiitaka huku, tafuta mbegu inayovumilia joto na uilenge kipindi cha kipupwe, kuanzia Juni. La sivyo, makala za bamia, matembele, mchicha na nyanya chungu ndizo zako.

La pili, anazungumzia udongo gani? Sehemu kubwa ya huku ni mchanga: maji yanapita upesi na rutuba inayafuata. Makala ikisema "mwagilia mara mbili kwa wiki", weka kwanza mboji na matandazo, kisha chimbua kwa kidole uone unyevu kabla ya kuamini ratiba.

La tatu, maji yanatoka wapi? Visima vingi vya Dar vina chumvi. Maharage hayaivumilii kabisa, ilhali mchicha unajitahidi. Jarida la bara halina sababu ya kukukumbusha hilo.

Kalenda nayo iangalie. "Panda mwanzo wa mvua" kwetu ni Machi kwa masika na Oktoba kwa vuli, si Novemba au Desemba kama mikoa yenye msimu mmoja.

Vipimo vyote ni vya hekta. Mimi nina tuta moja!

Hekta ni mita za mraba 10,000. Ukisoma "tani 10 za samadi kwa hekta", hizo ni kilo 10,000, yaani kilo moja kwa kila mita ya mraba. Tuta la mita moja kwa tatu linataka kilo tatu tu. Hesabu hii ni ya samadi na mboji. Dawa za wadudu usizigawe kichwani. Fuata kibandiko cha chupa.

Matoleo ya zamani yanafaa bado?

Mboji ya 2012 inatengenezwa vilevile leo. Bei za chakula cha kuku zimekwisha muda, ziruke. Kuhusu viuatilifu, usitegemee ukurasa wa zamani: usajili hubadilika, na mwenye mamlaka ni TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Chanjo pia ihakikishe kwa afisa mifugo wa kata. Chanjo ya mdondo aina ya I-2, inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, hutolewa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wakazi wa Temeke mna bahati: maabara ya wakala huo mnaipita kila siku pale Veterinari.

Kwenye WhatsApp natumiwa picha za kurasa. Si zinatosha?

Picha hiyo mara nyingi haina tarehe, jina la jarida wala ukurasa unaofuata, na onyo huwa ukurasa unaofuata. Tafuta toleo zima kabla hujamwaga kitu chochote kwenye maji ya kuku. Angalia pia kama ni makala au tangazo: makala hukueleza njia haifai wapi, tangazo halina shida hiyo.

Nikishajaribu, basi?

Bado. Katika daftari andika tarehe, ulichofanya na kilichotokea, hata kama miche yote ilikufa. Kisha mwandikie mhariri, useme wazi uko Toangoma au Bunju, kwenye mchanga na maji ya chumvi. Wahariri huandika kwa kufuata maswali wanayopokea. Pwani ikinyamaza, tutaendelea kusoma habari za kabichi za Arusha.