Punguza Uzito wa PSD, Leya Zibaki

Bango moja tu la A4 kwenye Photoshop linaweza kufika mamia ya megabaiti. Faili linafunguka kwa kusuasua, linajaza diski, na Gmail hailikubali kama kiambatisho cha kawaida likizidi MB 25. Usikimbilie Flatten Image. Kesho mteja akitaka tarehe ibadilishwe, utaanza upya. Fuata hatua hizi.

Tengeneza nakala kwanza. Nenda File, kisha Save As, ongeza neno "nyepesi" kwenye jina. Kazi yote ifanyie kwenye nakala hiyo.

Soma namba zilizo chini ya dirisha. Chagua Document Sizes. Namba ya kushoto ni uzito wa picha bila leya. Ya kulia ni pamoja na leya zote. A4 ya RGB, biti 8, ppi 300, inaonyesha takriban MB 25 upande wa kushoto. Kazi yako ni kuishusha ya kulia.

Futa leya zisizo na kazi. Nenda File, Scripts, Delete All Empty Layers. Kisha kagua zile ulizozifunga jicho. Hazionekani, lakini uzito wake upo palepale.

Kata kilichozidi ukingo. Ukibandika picha kubwa kuliko bango, sehemu iliyotoka nje haipotei, imejificha tu. Bonyeza Ctrl+A, au Cmd+A kwenye Mac, halafu Image, Crop. Bango linabaki na ukubwa uleule, ila pikseli zilizofichwa zinaondoka.

Kagua Smart Object. Hapa ndipo uzito mwingi hujificha, na Crop haiugusi. Smart Object iliyopachikwa hubeba faili zima la asili. Picha ya kamera ya megapikseli 24 uliyoipunguza ikawa ndogo kama stempu bado imo humo yote. Ukisharidhika na ukubwa wake, nenda Layer, Rasterize, Smart Object. Baada ya hapo usiikuze tena, itapoteza ung'avu. Nembo ya mteja iache ilivyo.

Acha kurudufu picha kila unapobadili rangi. Kila Ctrl+J kwenye picha inayojaza bango inaongeza pikseli za bango zima. Tumia Adjustment Layer ya Curves au Hue/Saturation. Hiyo hubeba maelekezo na mask tu, na unaweza kuirekebisha wakati wowote.

Shuka hadi biti 8. Faili la biti 16 hubeba data mara mbili. Maliza kusahihisha rangi, kisha nenda Image, Mode, 8 Bits/Channel. Photoshop ikiuliza kama iunganishe leya, kataa.

Punguza vipimo kama kazi ni ya skrini tu. Nenda Image, Image Size. Ukigawa upana na urefu kwa mbili, pikseli zinabaki robo. Kazi ya kuchapishwa usiiguse.

Zima Maximize Compatibility. Ipo kwenye Preferences, File Handling. Ikiwa imewashwa, Photoshop huhifadhi picha nyingine iliyounganishwa ndani ya faili lilelile. Iache imewashwa ikiwa unatumia Lightroom, maana inaihitaji.

Bado zito? Hifadhi kama TIFF. Chagua ZIP kwenye mgandamizo wa picha, na ZIP tena kwenye mgandamizo wa leya. Kuhifadhi kutachukua muda zaidi, lakini mara nyingi faili hutoka dogo kuliko PSD, na leya zote utazikuta ukilifungua Photoshop.

Ukiwa na dakika chache tu, anza na Crop na Smart Object. Kisha gawa kwa akili: anayetaka kutazama mpe JPEG, atakayehariri mpe nakala nyepesi, na faili la asili lihifadhi kwenye diski ya nje.