Rangi mpya yenye sura ya kale

Swali: Nina kabati la mbao la marehemu bibi, hapa Buterere. Nilipakeje rangi lionekane la kale?

Jibu: Rangi yake ya zamani huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Lisugue nje kwa msasa wa maji, kisha liache likauke kabisa. Paka rangi ya kahawia. Ikikauka, pitisha mshumaa kwenye kona, kingo na pale mkono unaposhika mlango, ndipo upake rangi ya juu. Kesho yake sugua palepale: penye nta itabanduka. Katikati ya ubao usichubue. Hapashikwi, utaonekana umeghushi. Miguu ipake vanishi mara mbili, maana Buterere mafuriko hayapigi hodi.