Dondoo muhimu: Kupima ujazo wa ubongo kwa picha za MRI

Kwa mtafiti wa Buhongwa anayepima sehemu ya kijivu, nyeupe na ugiligili kwa kompyuta:

1. Futa jina la mgonjwa kabla faili halijatoka hospitali ya Bugando.
2. Tumia picha za T1 zenye vipande vya milimita 1. Vipande vinene vipeleke kwenye programu ya SynthSeg.
3. Kagua kila picha kwa macho. Programu huweza kuhesabu utando wa ubongo kama sehemu ya kijivu, na mgonjwa akitikisika, ubongo huonekana umesinyaa. Hapa ndipo wengi huharibu kazi.
4. Vichwa havilingani ukubwa: gawanya kila kipimo kwa ujazo wa ndani ya fuvu.
5. Usichanganye vipimo vya programu za FSL na FreeSurfer.
6. FreeSurfer hula saa nyingi. Andaa betri, umeme usikukatikie katikati.