Mgongo Wako na Mfuko wa Kilo 50

Ndugu mfanyakazi, ukifika bandari ya Kalundu, hapo Uvira, siku wanapoteremsha simenti, simama kidogo uangalie. Mfuko mmoja ni kilo 50. Mchukuzi anautia begani, anaupeleka, anarudi kuchukua mwingine. Kazi hiyo unaijua, kwani nawe unabeba madini. Tena kasiterite hudanganya macho: ndoo yake iliyosafishwa hupita mara tatu uzito wa ndoo ya maji.

Mwaka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa lilishauri mwanamume asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Mwaka 1991 wataalamu wa usalama kazini wa Marekani walishuka hadi kilo 23 kwa kuinua kwa mikono, hata mzigo ukiwa karibu na mwili.

Kwa nini? Kati ya mifupa ya uti wa mgongo mna vitakia laini. Ukiinama na kushika mfuko mbali na tumbo, misuli ya kiuno huvuta kwa nguvu kupita uzito wa mfuko wenyewe mara nyingi, na vitakia hubanwa. Kuinama huku unajizungusha ni kubaya zaidi.

Basi sogea karibu, kunja magoti, vuta mfuko uguse tumbo, inuka kwa mapaja. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo. Mfuko mpana haupiti kati ya magoti; huo uinueni watu wawili. Bora zaidi, mifuko ipangwe juu ya meza ya kimo cha kiuno, mbebaji asiiokote chini.

Najua, anayelipwa kwa mfuko hapendi mfuko mdogo. Zungumzeni na kapita malipo yahesabiwe kwa kilo. Hapo mfuko wa kilo 25 hautamwibia mtu.

Nawe mama, bidoni ya lita 20 kutoka ziwani ni kilo 20. Mbili za lita 10, moja kila mkono, hazikuvuti upande mmoja.

Kiuno kikiuma, usilale siku nyingi. Tembea polepole, omba kazi nyepesi. Maumivu yakishuka chini ya goti, au mguu ukilegea, nenda dispansari. Ukifa ganzi kati ya mapaja, au mkojo ukizuilika au kutoka wenyewe, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.