Usimbadilishe bawabu kabla hujashika funguo za akiba

*Mimi ni mwanafunzi SUA, naishi Kihonda. Laptopu yangu alininunulia mjomba, na dada yangu hutunza humo hesabu za mchele anaouza Soko la Kingalu. Ina Windows 10. Nataka kuweka Ubuntu pembeni yake, maana programu za kuchambua vinasaba nilizoelekezwa zinataka Linux. Mwenzangu alijaribu, sasa yake ikiwaka inaonyesha kioo cheusi na neno "grub" tu. Naogopa. Nifanye nini? – S.K.*

Mwanangu S.K.,

Umefanya vyema kuuliza mapema. Wengi hubisha hodi kwangu nyumba ikiwa imeshaungua. Na haja yako ni ya kweli: Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kujifunza Linux sasa si anasa.

Jambo lenyewe

Kompyuta ikiwashwa haijui Windows wala Ubuntu. Kwanza huamka programu ndogo, butiloda, ambayo ndiyo bawabu wa nyumba. Yeye ndiye anayefungua mlango wa chumba unachokitaka. Bawabu wa Ubuntu anaitwa GRUB.

Katika mashine za zamani, bawabu alikaa kwenye kijisehemu cha kwanza cha diski, baiti 512 tu, na nafasi yake mwenyewe ilikuwa baiti 446. Hapakutosha wawili, mgeni alimtoa mwenyeji. Mashine mpya, zinazowaka kwa mtindo uitwao UEFI, zina chumba kidogo ambamo kila bawabu ana folda yake, nao huishi pamoja bila ugomvi. Basi ijue yako kwanza: andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, usome kama ni UEFI au Legacy, yaani ule mtindo wa zamani. Ubuntu iingie kwa mtindo huohuo.

Kuhusu mwenzako, mwambie asikate tamaa wala asikimbilie kupiga Windows upya. Neno "grub" maana yake bawabu yupo, ila daftari lake halioni. Mara nyingi mtu amefuta sehemu ya Linux lilimokuwa daftari hilo. Mafaili yake huenda yako salama kabisa.

Njia ulizo nazo

Ya kwanza, washa Ubuntu kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha. Utaona kama waifai inashika na kama kioo kinakaa sawa.

Ya pili, tumia WSL, inayoendesha Linux ndani ya Windows. Bawabu haguswi. Kwa kazi nyingi za vinasaba inatosha, ilimradi mashine ina RAM ya kutosha.

Ya tatu ndiyo uliyoitaja, mifumo miwili kwenye diski moja.

Hatari zake

Hapa nitakuambia bila kupaka asali. Kompyuta hiyo si yako peke yako. Ukichagua kufuta diski nzima badala ya kuweka Ubuntu kando ya Windows, hesabu za dada yako zimekwenda, na wanaomdai hawatasubiri. Kidole kimoja kikiteleza, wawili mnalia.

Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ukigusa mipangilio ya kuwasha inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Usipokuwa nao, mali iko ndani nawe uko nje. Nayo Fast Startup huiacha Windows imelala nusu. Linux ikiandika kwenye diski hiyo, mafaili huweza kuharibika.

Fanya hivi

Mwambie dada yako kwanza. Nakilini kila kitu kwenye diski ya nje, kisha yafungueni mafaili hayo kwenye kompyuta nyingine, maana nakala isiyojaribiwa ni ahadi tu. Andika ufunguo wa BitLocker kwenye karatasi. Zima Fast Startup. Punguza sehemu ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe. Tengeneza pia flashi ya kuirejesha Windows. Chaji betri ijae, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kugawa diski, hasara ni yako.

Baada ya hapo, Windows ikikosekana kwenye orodha ya GRUB, usishtuke. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB yenyewe haitafuti mifumo mingine mpaka iruhusiwe. Kwenye faili la /etc/default/grub weka GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha endesha sudo update-grub. Na saa ya Windows ikirudi nyuma saa tatu, si ugonjwa: Linux huihesabu saa ya mashine kwa UTC, Windows huisoma kama saa ya hapa kwetu, na sisi tuko mbele kwa saa tatu.

Lakini sikia, mwanangu. Kama tarehe ya kukabidhi utafiti wako iko karibu, anza na WSL na umwache bawabu alale. Ukishakabidhi, nakala zikiwa mkononi na dada yako ameridhia, weka Ubuntu yako kwa moyo mweupe. Mjomba alikununulia chombo cha kukuvusha. Usikitoboe ukiwa katikati ya maji.