Kituo cha Afya Hukua Vipi? Somo Kutoka Mound Bayou

Toa daftari na kalamu, maana mwishoni kuna maswali ya kujadili na wenzako darasani au kwenye klabu ya afya.

Tuanze na swali. Ukiambiwa kwamba zahanati ya kwenu imekua sana mwaka huu, unafikiria nini? Wengi tutasema: wamejenga wodi mpya, wameleta vitanda, wagonjwa ni wengi kuliko mwaka jana. Sawa, hayo ni maendeleo. Lakini hebu fikiri kidogo. Tuseme mwaka jana watoto 20 kwa wiki waliletwa wakiharisha, na mwaka huu wanaletwa 40. Hapo kilichokua ni kituo au ni kuhara? Huenda akina mama sasa wana imani na kituo, ndiyo maana wanawaleta watoto. Huenda pia kisima kimechafuka na hakuna aliyekwenda kukitazama. Namba peke yake haikuambii.

Leo tutaangalia kituo kimoja kilichokua haraka sana katika mwaka wake wa kwanza. Kipo Marekani, katika mji mdogo uitwao Mound Bayou, jimbo la Mississippi. Usiseme, "Ah, Marekani kwa matajiri, sisi inatuhusu nini?" Subiri. Utaona kwamba mbegu ya kituo hicho ilitoka hapa hapa Afrika.

MAHALI PENYEWE

Mound Bayou ulianzishwa mwaka 1887 na Waafrika wa Marekani waliokuwa wametoka utumwani, wakiongozwa na Isaiah Montgomery. Uko katika eneo la tambarare linaloitwa Delta, ambalo kwa miaka mingi zao lake kubwa lilikuwa pamba. Familia nyingi za watu weusi katika eneo hilo hazikuwa na ardhi. Walilima na kuchuma pamba kwenye mashamba makubwa ya wengine.

Kufikia miaka ya 1960 mashine za kuchuma pamba na dawa za kuua magugu zilikuwa zimechukua kazi zao. Watu wakabaki bila kibarua. Familia nyingi zilipata chini ya dola 1,000 kwa mwaka mzima, na hiyo katika nchi tajiri kuliko zote duniani. Waliishi katika vibanda vya mbao visivyo na maji ya bomba. Wengine walichota maji kwenye mitaro. Watoto walikuwa na njaa, walikuwa wanaharisha, na watoto wachanga wa watu weusi walikufa kwa wingi kuliko wa watu weupe. Hata kwa daktari kulikuwa na ubaguzi: watu weusi walikuwa na chumba chao cha kusubiria, na mara nyingi walihudumiwa mwisho.

MBEGU KUTOKA AFRIKA

Mwaka 1940 madaktari wawili, Sidney Kark na mkewe Emily, walianzisha kituo cha afya mahali paitwapo Pholela, katika eneo la Wazulu huko Afrika Kusini. Hawakukaa ndani wakisubiri wagonjwa waje. Walifundisha vijana wa hapo hapo kuwa wahudumu wa afya, nao wakapita nyumba kwa nyumba kuuliza: mnakula nini? Mnachota maji wapi? Nani aliugua, nani alifariki? Walipoona utapiamlo ni tatizo kubwa, wakahimiza bustani za mboga.

Mwaka 1957 alifika huko mwanafunzi wa udaktari kutoka Marekani, Jack Geiger. Alikaa miezi kadhaa akijifunza. Baadaye serikali ya ubaguzi wa rangi iliacha kuunga mkono kazi hiyo, na akina Kark wakaondoka Afrika Kusini. Lakini Geiger alikuwa ameshaondoka na mbegu. Yeye na mwenzake, Dk. Count Gibson, wote wa Chuo Kikuu cha Tufts, waliomba fedha za serikali ya Marekani zilizotengwa kupambana na umaskini. Mwaka 1965 walifungua kituo cha kwanza katika mji wa Boston. Cha pili kilikuwa Mound Bayou.

KUULIZA KABLA YA KUJENGA

Kabla kituo hakijafunguliwa, alitangulia mtu mmoja aitwaye John Hatch. Hatch hakuwa daktari. Kazi yake ilikuwa kukaa na watu. Alikwenda makanisani, mashuleni na majumbani, akawauliza wananchi wanataka nini.

Unadhani walitaja nini? Wengi hawakuanza na sindano wala vidonge. Walitaja chakula, kazi, nyumba nzuri na maji. Waliona wazi kwamba magonjwa yao yanaanzia huko. Basi wakaunda vyama vya afya kila sehemu, na vyama hivyo vikachagua wawakilishi wa kukaa katika Baraza la Afya la eneo zima. Kwa hiyo siku mlango unafunguliwa, wananchi walishakuwa na mahali pa kusema.

MWAKA WA KWANZA

Kituo kilianza kuona wagonjwa Novemba 1967, katika nyumba iliyokuwa ya mchungaji, kwa sababu jengo lake lilikuwa halijawa tayari. Mwaka 1968 kikahamia kwenye jengo jipya. Mtu wa kuhesabu majengo angeishia hapo: "Wametoka nyumba ya kuazima, wamepata jengo lao. Hongera." Sisi tuendelee kuangalia, maana makubwa yalifanyika nje ya jengo.

1. Dawa ya njaa. Madaktari waliona watoto wale wale wanarudi tena na tena. Unamtibu mtoto kuhara, anapona, baada ya wiki mbili yupo tena mlangoni, amekonda zaidi. Kwa nini? Hapa ndipo somo letu la baiolojia linapoingia. Mtoto asiyepata chakula cha kutosha, kinga ya mwili wake hushuka. Vijidudu vikiingia, anaugua haraka. Akiharisha, anapoteza maji na virutubisho, na hamu ya kula inapotea. Utumbo wake nao unashindwa kufyonza kile kidogo alichokula. Anakonda zaidi, kinga inashuka zaidi, anaugua tena. Ni duara. Ukimpa dawa tu, umekata duara sehemu moja, nalo linajiunga tena.

Basi madaktari wakaanza kuandika chakula kwenye vyeti vya dawa: maziwa kiasi hiki, nyama kiasi hiki, mboga kiasi hiki. Mama alikwenda na cheti kwenye duka la vyakula la mtu mweusi mwenzake, akapewa, na kituo kikalipa kutoka kwenye fungu la dawa. Wakubwa walipopata habari walikuja juu. Eti fedha za dawa ni za dawa! Geiger aliwajibu kwamba, kwa jinsi vitabu vyake vya udaktari vinavyosema, dawa ya utapiamlo ni chakula. Sasa wewe ungembishia?

2. Maji na choo. Kumlisha mtoto halafu umnyweshe maji ya mtaro ni kazi bure. Kwa hiyo kituo kilikuwa na wataalamu wa mazingira pamoja na madaktari. Walichimba visima, wakajenga vyoo vya shimo vilivyo salama, wakaweka nyavu madirishani kuzuia nzi na mbu. Kumbuka kanuni hii, itakusaidia na kwenu: choo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, na kisiwe upande wa juu wa mteremko, ili uchafu usishuke kwenye maji ya kunywa.

3. Kumfuata mgonjwa nyumbani. Mkunga mmoja, Sista Mary Stella Simpson, alizunguka majumbani kuwaona wajawazito na watoto wachanga. Ukimwona mama kliniki unaona presha na uzito. Ukimfuata kwake unaona pia jiko lisilo na chakula, paa linalovuja na umbali wa kuchota maji. Hayo hayaandikwi kwenye kadi ya kliniki, lakini ndiyo yanayomrudisha mama hospitali.

4. Shamba la pamoja. Vyeti vya chakula viliokoa watoto, lakini watu wenyewe walikuwa wakulima hodari. Walikosa ardhi tu. Mwaka 1968, kwa msaada wa Hatch na kituo, wakaanzisha ushirika wa kilimo. Mamia ya familia yakajiunga. Badala ya pamba, wakalima kunde, viazi vitamu na mboga za majani, chakula cha kupeleka mezani. Waliofanya kazi shambani walipata ujira na chakula. Yule aliyekuwa anapokea cheti cha maziwa jana, leo anavuna.

5. Kusomesha wenyeji. Kituo kilihitaji wauguzi, wahudumu na makarani. Kingeweza kuwaleta wote kutoka mbali, lakini siku wageni wakiondoka, ingekuwaje? Kikaanzisha masomo kwa wenyeji walioacha shule ili wamalize elimu ya sekondari, na wengine wakajiandaa kwenda chuo. Baada ya miaka, eneo lile la wachuma pamba lilitoa madaktari, wauguzi, wahandisi wa mazingira na maafisa wa afya.

BINTI WA SHAMBA LA PAMBA

Chukua mfano wa L. C. Dorsey. Alizaliwa mwaka 1938 katika familia ya wakulima wasio na ardhi yao, huko huko Delta. Kituo kilipoanza alikuwa mama mwenye watoto. Alijiunga na kazi za jamii na akawa kiongozi wa ule ushirika wa kilimo. Akarudi kusoma, akaendelea hadi shahada ya uzamivu katika ustawi wa jamii. Mwaka 1988 akawa mkurugenzi wa kituo chenyewe, akakiongoza hadi 1995.

Msichana unayesoma hapa na kudhani mlango umeshafungwa kwa sababu ya ada, au kwa sababu ulipata mtoto mapema, muangalie huyo. Lakini angalia na upande wa pili. Dorsey alijitahidi sana, ndiyo, na pia palikuwa na mahali palipomfungulia njia. Juhudi bila njia huchosha watu bure.

HAIKUWA RAHISI

Tusidanganyane. Kituo kilitegemea fedha za serikali kuu, na wanasiasa wa jimbo hawakukipenda. Fungu linaweza kukatwa wakati wowote, na watu wakirudi kwenye mtaro, kazi yote imepotea. Pia wenyeji walikuwa na swali la haki kabisa: chuo kikuu cha mbali kitaendesha kituo chetu mpaka lini? Mwaka 1972 uendeshaji ukatoka mikononi mwa chuo, na kituo kikaungana na hospitali ya mji, kikawa shirika la jamii lisilolenga faida. Kinaitwa Delta Health Center, na mpaka leo kinafanya kazi.

Vituo vya aina hiyo vimeenea nchi nzima. Sasa ni zaidi ya 1,300, na vinahudumia watu zaidi ya milioni 30 kwa mwaka. Sheria yao ina kipengele kimoja cha kukumbuka: zaidi ya nusu ya wajumbe wa bodi ya kituo lazima wawe wagonjwa wanaotibiwa pale pale. Yule anayekaa kwenye benchi akisubiri zamu ndiye pia anayeamua fedha zitumikeje.

TUMEJIFUNZA NINI?

Rudi sasa kwenye swali letu la mwanzo. Ukitaka kujua kama kituo kimekua, usiishie kutazama jengo. Uliza mambo haya manne:

– Magonjwa yanayozuilika, kama kuhara, yanapungua kule vijijini?
– Kituo kinakwenda kwenye chanzo cha ugonjwa, au kinasubiri mlangoni?
– Wenyeji wanasomeshwa kazi, au wote ni watu wa kuletwa?
– Wananchi wana sauti katika maamuzi, au wanaitwa mkutanoni kupiga makofi tu?

Kituo chenye vyumba viwili kikijibu vizuri maswali hayo, kimekua. Chenye ghorofa kikishindwa, bado.

MASWALI YA KUJADILI

1. Chora duara la kuhara na utapiamlo kama tulivyoeleza. Onyesha sehemu tatu ambapo jamii inaweza kulikata.
2. Je, ilikuwa haki kutumia fedha za dawa kununua chakula? Gawanyikeni pande mbili mfanye mdahalo.
3. Kwa nini Hatch alitumwa kabla ya madaktari? Kingetokea nini kama wangejenga kwanza na kuuliza baadaye?
4. Kazi ya mikono: nendeni wanafunzi watatu au wanne, pamoja na mwalimu, kwenye zahanati iliyo karibu na shule. Ombeni kwa adabu kumwona mganga mkuu au muuguzi. Muulizeni ni magonjwa gani matatu yanayoleta watu wengi zaidi, na kama kuna kamati ya afya yenye wananchi. Kisha tembeleeni mahali watu wanapochota maji. Andikeni mliyoyaona, mkayasome mbele ya darasa.

Haya, kazi kwenu. Tukutane toleo lijalo.